PIN ni Siri, Lakini Nani Anakusomea Simu?

Kama umekuwa ukitusoma hapa kwa muda, wimbo wetu unaujua. Usimpe mtu PIN yako. Si ajenti, si yule anayepiga akidai anatoka huduma kwa wateja, si hata shemeji. Tumeuimba mpaka wengine wenu mnaumalizia kabla hatujafungua mdomo. Ni ushauri mzuri na bado tunasimama nao.

Ila kuna watu ambao ushauri huu huwafikia ukiwa nusu. Mtu anaambiwa PIN ni siri, halafu anawekewa mbele skrini ambayo hawezi kuisoma. Meseji inaingia, herufi ni ndogo kama mchele, jua limewaka, na njia anayobaki nayo ni moja: kumpa simu mtu aliye karibu. "Hebu nisomee hapa, wamesemaje?" Kuanzia hapo siri ishavuja. Aliyeshika simu ameshaona salio, ameshaona nani ametuma pesa, na mara nyingi ndiye atakayeombwa abonyeze zile namba nne pia.

Leo tunaongea juu ya kundi moja la watu hao. Wengi wetu tunalitambua kutoka mbali barabarani, lakini hatujui linavyotuona sisi. Ni watu wenye ualbino.

Ukitaja ualbino, Mkenya wa kawaida anafikiria ngozi. Anafikiria kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kujikinga na jua. Si vibaya. Saratani ya ngozi ni hatari ya kweli, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likigawa mafuta hayo kwa sababu hiyo. Lakini mafuta hayakusaidii kusoma namba ya till iliyobandikwa juu ya mlango wa duka. Macho ndiyo yanayosumbua kila saa, shuleni, kazini, kwenye stage ya matatu, na kwenye kaunta ya ajenti. Na macho ndiyo hatuyaongelei.

Tuanze na hali yenyewe, kwa sababu uvumi ni mwingi. Ualbino hurithiwa. Baba na mama wanaweza wote kuwa weusi ti, kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu na hajui. Watu wawili wa aina hiyo wakipata watoto, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mwenye ualbino. Huku kwetu Afrika jeni inayohusika mara nyingi inaitwa OCA2. Hakuna laana hapo, na hakuna mama aliyetoka nje ya ndoa. Tunalisema hilo wazi kwa sababu bado kuna akina mama wanaofukuzwa nyumbani kwa jambo ambalo baba alichangia nusu kwa nusu.

Ni hali adimu, ingawa huku si adimu kama kwingine. Ulaya na Amerika Kaskazini hukadiriwa mtu mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Kusini mwa Sahara makadirio ni mmoja kati ya 5,000 hadi 15,000, na jirani zetu Tanzania wamewahi kukadiriwa kuwa na mmoja kati ya 1,400. Kenya ilihesabu watu wenye ualbino kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, ikapata 9,729. Hao ni watu wa kujaza uwanja mdogo wa mpira, na wengi wao walio watu wazima wana laini ya simu na wanatuma pesa kama wewe.

Sasa macho. Ile rangi tunayoiita melanini haipo kwa ajili ya ngozi na nywele tu. Jicho la mtoto linaihitaji likiwa bado linajengeka tumboni. Nyuma ya jicho kuna retina, utando laini unaopokea picha, na katikati yake kuna kishimo kidogo ambacho ndicho kinachotuwezesha kuona vitu vidogo vidogo, kama herufi au sura ya mtu aliye ng'ambo ya barabara. Melanini ikikosekana, kishimo hicho hakikamiliki. Halafu kuna nyaya za fahamu zinazotoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Kwa mtu mwenye ualbino, nyingi kupita kawaida huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, hivyo macho mawili hayashirikiani vizuri katika kupima umbali. Ndiyo sababu wengine wana makengeza, na ndiyo sababu kudaka sarafu uliyomrushia kunaweza kumshinda mtu ambaye hesabu anakushinda.

Kuna mengine mawili ambayo hata wewe unaweza kuyaona. Moja ni macho kuchezacheza, upande hadi upande, bila mwenyewe kutaka. Huanza mtoto akiwa na wiki au miezi michache. Wengi hugundua kwamba wakiinamisha kichwa au kukigeuza kidogo, macho hutulia na picha hukaa. Kwa hivyo ukiona mtu amepinda shingo anapokutazama, hakudharau wala hakupigii jicho la pembe. Anakutafuta. La pili ni mwanga. Sehemu yenye rangi inayozunguka mboni hufanya kazi kama pazia. Pazia likiwa jepesi, mwanga unaingia kila upande, na jua la saa saba linageuka kuwa ukuta mweupe.

Miwani? Inasaidia, na mtoto mwenye ualbino anafaa kupimwa mapema kwa sababu mara nyingi ana tatizo lingine la kuona mbali au karibu ambalo lenzi zinaweza kulipunguza. Lakini lenzi haiwezi kujenga kile kishimo. Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Wanamwona mtu amevaa miwani minene wanasema, "Si umevaa miwani, soma basi!" Madaktari wa macho huandika uoni kwa namba mbili. Ukiambiwa 6/60, maana yake ni kwamba herufi ambayo mwenzako anaiona akiwa mita 60, wewe unaiona ukiwa mita 6. Wengi wenye ualbino huwa kati ya 6/18 na 6/120, hata wakiwa na miwani. Si vipofu. Pia, kwa kawaida uoni wao hauendi ukififia mwaka baada ya mwaka kama magonjwa mengine ya macho. Wako pale katikati, mahali ambapo nchi yetu haina mazoea ya kumweka mtu.

Na kwa kuwa hatuna mazoea, tunawasukuma upande mmoja au mwingine. Kwa miaka mingi watoto wengi wenye ualbino wamepelekwa shule za wasioona na kufundishwa Braille, na wapo walioishia kuzisoma zile nukta kwa macho badala ya vidole. Fikiria hapo. Macho yenye uwezo wa kuona nukta ndogo kwenye karatasi nyeupe yangesoma kitabu cha herufi kubwa bila shida. Wengine wamewekwa katika shule za kawaida, dawati la nyuma, wakaambiwa ni wazembe kwa kutonakili kilicho ubaoni.

Wakipewa kinachosomeka, matokeo tunayajua. Mwaka 2017 aliyeongoza nchi nzima katika mtihani wa KCPE, kwa alama 455 kati ya 500, alikuwa Goldalyn Kakuya, msichana mwenye ualbino. Mumbi Ngugi ni jaji wa Mahakama ya Rufaa, na kazi ya jaji kama tunavyojua ni kusoma makaratasi asubuhi hadi jioni. Isaac Mwaura amekaa Bungeni. Shida haijawahi kuwa kichwa. Ni saizi ya herufi, na nani anaamua saizi hiyo.

Rudi sasa kwenye kaunta.

Duka la ajenti limetazama barabara na jua linapiga moja kwa moja. Namba ya ajenti imeandikwa kwa kalamu ya kawaida kwenye kipande cha katoni, nyuma ya wavu, nyuma ya vocha na peremende. Foleni ina watu watano wanaopumua kwa nguvu. Mteja anainua simu hadi karibu iguse pua, anaanza kubonyeza. Akifika hatua ya nne, menyu inamkatia kwa sababu amechukua muda mrefu. Anaanza upya. Nyuma mtu anasonya. Ajenti, tena kwa roho safi kabisa, ananyoosha mkono na kusema, "Leta nikusaidie."

Hatumlaumu yeyote hapo. Lakini angalia kilichotokea: mteja amechagua kati ya siri yake na aibu ya kuchelewesha watu, na aibu imeshinda. Inashinda mara nyingi.

Kwenye kikao kimoja cha mafunzo sokoni, baada ya sisi kumaliza ule wimbo wetu wa PIN, dada mmoja mwenye ualbino anayeuza nguo za mitumba aliinua mkono. Alisema, "Nyinyi watoto wazuri, nimewasikia. Lakini mimi PIN yangu tunaijua wawili, mimi na kijana wangu wa gredi ya sita. Yeye ndiye macho yangu. Akienda shule nafunga biashara ya simu, nachukua pesa taslimu tu." Mama mmoja pale nyuma akamwambia abadilishe PIN. Akajibu, "Nikibadilisha, nitamwambia mpya kesho asubuhi." Watu walicheka, naye akacheka. Sisi tulirudi ofisini tukijiuliza ni onyo lipi kati ya yale yote tunayotoa lingemsaidia mwanamke yule.

Jibu letu ni kwamba hakuna. Huwezi kumlinda mtu kwa onyo kama hana njia ya kulifuata. Ndiyo maoni tunayotaka kuyaweka mezani leo: kusomeka kwa simu ni sehemu ya usalama wa pesa, sawasawa na PIN yenyewe. Mara nyingi hoja hii huwekwa kwenye kikapu cha hisani, pamoja na picha za kukabidhi hundi kubwa ya karatasi kila tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino. Siku hiyo ni nzuri, iendelee. Lakini mteja anayeibiwa kwa sababu hakuona jina la aliyetuma meseji hahitaji hundi. Anahitaji jina lisomeke.

Matapeli, kwa taarifa yako, wameshaelewa hili kabla yetu. Ule ujanja wa meseji bandia unaujua: mtu ananunua bidhaa, anakuonyesha simu yake, "Ona, imeenda", au anakutumia meseji iliyoandikwa kama ya kweli kutoka namba ya kawaida. Mwenye macho makali huangalia jina la mtumaji na salio. Muuzaji asiyeona vizuri juani husikia tu mlio wa simu na kuona kivuli cha maandishi. Kumwomba mnunuzi amsomee meseji hiyo ni sawa na kumwomba fisi ahesabu mbuzi. Vivyo hivyo kwenye kutuma: tarakimu moja ikikosewa, 3 ikionekana kama 8, pesa imeenda kwa mgeni, na lile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, ambalo ndilo lingekuokoa, nalo limeandikwa kwa herufi zilezile ndogo.

Basi kuna nini cha kufanya kesho asubuhi? Kwanza kwa mwenye simu, kwa sababu simu nyingi za siku hizi zina uwezo ambao hakuna aliyetuonyesha.

Kwenye simu ya Android, ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu. Humo kuna ukubwa wa fonti, ukubwa wa vitu vya skrini, herufi nzito, na mandhari meusi yanayogeuza skrini kuwa nyeusi yenye maandishi meupe. Kwa macho yanayoumizwa na mwanga, hayo mandhari meusi pekee yanaweza kubadilisha siku. Kuna pia ukuzaji: ukishauwasha, unagusa skrini mara tatu haraka na kila kitu kinakuwa kikubwa, kisha unasogeza kwa vidole viwili. iPhone ina kitu hicho hicho kinachoitwa Zoom, ambapo unagusa mara mbili kwa vidole vitatu.

TalkBack kwenye Android na VoiceOver kwenye iPhone hukusomea skrini kwa sauti. Tunakutahadharisha, usiwashe hii kwa mara ya kwanza ukiwa kwenye foleni! Ikiwaka, kugusa mara moja husoma tu, na kufungua kitu lazima uguse mara mbili. Wengi hudhani simu imerukwa na akili. Jifunze nyumbani ukiwa umetulia, na ukiwa kwenye watu vaa vipokea sauti vya masikioni, la sivyo simu itatangazia soko zima salio lako.

Kamera nayo ni miwani ya kukuza. Namba ya till ikiwa juu ukutani, piga picha, kisha panua kwa vidole. Hakuna wa kumwomba, na hakuna aliyegusa simu yako.

Kama una kabambe, usijione umeachwa. Pitisha kidole gumba kwenye vitufe: kitufe cha 5 kina kinundu kidogo. Kutoka hapo 2 iko juu yake, 8 chini, 4 kushoto, 6 kulia. Mtu akifanya mazoezi jioni mbili tatu anaweza kuingiza PIN bila kutazama kabisa, simu ikiwa chini ya kaunta, na huyo yuko salama kuliko wengi wetu tunaobonyeza wazi mbele ya watu. Simu za kugusa hazina kinundu, lakini kama programu unayotumia inaruhusu kufungua kwa alama ya kidole, tumia hiyo.

Jambo moja zaidi kwa wazazi. Mtoto mwenye ualbino akileta simu au kitabu karibu na uso, mwache. Hiyo haiharibu macho. Ndivyo anavyokuza herufi bila kununua kifaa. Kama hajawahi kupimwa, hospitali zenye kitengo cha uoni hafifu, kwa mfano kile cha Kikuyu, hupima na kueleza ni vifaa gani vinamfaa.

Na kama lazima mtu akusomee? Hutokea, tusidanganyane. Chagua mmoja unayemwamini, si yeyote aliye karibu. Asome jina na kiasi, basi. Namba nne bonyeza mwenyewe. Ukiuza bidhaa, usikubali kamwe kuonyeshwa simu ya mnunuzi kama ushahidi. Angalia salio lako mwenyewe kwa njia yako, hata kama anasema ana haraka. Hasa kama anasema ana haraka.

Sasa zamu ya wanaotengeneza hizi menyu na programu, yaani sekta yetu. Hapa hatutaki kupapasa maneno. Kiwango cha kimataifa cha W3C, shirika linaloweka kanuni za tovuti, kinataka maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake, na yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kuvunjika. Kinataka pia mtu aweze kuongeza muda pale ambapo kazi ina kikomo cha dakika. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza kwenye ubao wa mbunifu mwenye skrini kubwa ndani ya ofisi yenye kivuli. Kikifika Kakamega saa saba mchana hakionekani na mtu yeyote, awe na ualbino au asiwe nao. Mzee wa miaka sitini anayesogeza simu mbali na uso anapata shida ileile kutoka upande wa pili.

Meseji ya kuthibitisha malipo nayo, kwenye huduma nyingi, huanza na namba ya muamala, mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao hakuna anayeuhitaji pale pale. Kiasi na jina vinafuata, halafu salio limesukumwa humo humo. Tungependa kuona sekta ikianza na kiasi na jina, na ikiliacha salio lije pale tu mwenyewe anapoliomba. Hivyo hata ukisomewa na mwingine, anayesoma hapati kujua una shilingi ngapi. Hilo halihitaji mtambo mpya. Linahitaji mtu kukaa na kupanga sentensi upya.

Wapo watakaosema idadi ni ndogo, haifai gharama. Tumesomea masoko, hoja hiyo tunaijua vizuri na tumeisikia ikitumika kwa mambo mengi. Hata kwa hesabu zake yenyewe haisimami, kwa sababu herufi inayosomeka na mwenye 6/60 inasomeka na kila mtu. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, haikuweka kiwango cha chini cha idadi iliposema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya hali yake. Kifungu hicho hicho kinataka mtu aitwe kwa jina lisilomdhalilisha, kwa hivyo yale majina ya mitaani tuyaache huko huko. Sema mtu mwenye ualbino, au bora zaidi muulize anaitwa nani.

Kwa ajenti anayesoma hii akisubiri mteja wa kwanza: kazi yako ndiyo rahisi kuliko zote. Mteja akisogeza simu puani, usinyooshe mkono kuichukua. Msogeze kwenye kivuli. Mtajie namba yako kwa sauti, tarakimu mbili mbili, umngoje. Akimaliza, mwambie jina na kiasi ulichokiona upande wako, kwa sauti ya chini, na salio lake usilitaje kwa sababu halikuhusu. Wateja walio nyuma wakisonya, wewe ndiye mwenye duka, waambie wangoje. Pale ambapo bado mnatumia daftari la kutia sahihi, weka kidole au rula kwenye mstari wake ajue pa kuandika.

Na ile namba kwenye katoni, itoe. Chukua karatasi nyeupe ya ukubwa wa daftari, kalamu nzito nyeusi ya kuandikia mabango, na uiandike kwa tarakimu zenye urefu wa kidole, nafasi kati ya moja na nyingine. Ibandike usawa wa macho, upande usiopigwa na jua, mahali ambapo mtu anaweza kusogea mpaka pua iguse karatasi bila kugonga wavu.